Sindano ya Mbwa Jike

Kochi lilikuwa limelowa tena.

Mwalimu mstaafu alipapasa kitambaa kwa kiganja, akanusa, akamkata jicho mbwa wake jike aliyejilaza mlangoni kama vile hakuna lililotokea.

Miezi mitatu mizima tangu atibiwe! Daktari wa mifugo alikata kinyama kidogo pajani mwa mbwa, seli zake zikakuzwa maabara, kisha zikadungwa kwenye msuli unaobana njia ya mkojo. "Msuli utapata nguvu upya, mama," alisema. "Mkojo hautamponyoka tena."

Maneno matamu hayo. Sasa mwalimu alikuwa na hakika kwamba sindano ile ilikuwa na maji matupu.

Na mumewe naye alimtia wasiwasi. Fundi saa yule, miaka arobaini ya ndoa hajawahi kushika ufagio, siku hizi alidamka kufua mashuka bila kuombwa. Kila mkewe alipotaka kwenda kumpasha daktari, alimzuia.

"Achana naye, mke wangu. Mbwa amezeeka tu. Tumvumilie."

Juzi walipompeleka mbwa kupimwa, mwalimu aliwakuta wanaume hao wawili wakinong'ona kwenye korido. Walipomwona, walitengana upesi. Mumewe akaanza kusifia rangi ya ukuta.

Wananificha nini hawa?

Asubuhi hii, mume alipotoka tu kwenda kwenye kibanda chake cha saa, mwalimu alimfunga mbwa mnyororo, akashika njia mpaka kwa daktari.

"Kaa naye siku mbili," alisema. "Mlaze kwenye shuka jeupe. Likiingia tone moja tu, nakushtaki. Na mume wangu asijue."

Daktari aliupokea mnyororo. "Mama, labda ungeongea na mzee kwanza..."

"Nimesema asijue!"

Alirudi nyumbani kifua mbele. Alitandika kitambaa kisafi kwenye kochi, akaketi na simu mkononi kungoja habari. Jua la saa nane lilipenya dirishani, kope zikawa nzito, usingizi ukamchukua palepale alipokaa.

Alizinduliwa na sauti ya tambara likikamuliwa. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, mikono ya shati imekunjwa, ndoo pembeni. Alikuwa akifuta polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Umerudi mapema?" mwalimu aliuliza.

"Nilipita tu kuchukua miwani." Hakumtazama usoni. Alimwekea gauni safi mapajani, akaendelea kufuta. "Mbwa wetu huyu, jamani! Amekupandia hapo ulipolala, akakulowesha mpaka gauni. Usijali, mke wangu. Nimemfukuza nje sasa hivi."