Daftari Chafu la Fuko

Mwalimu Korongo alipenda daftari safi kuliko hesabu sahihi. Wanafunzi wake walikosea, wakafuta, wakanakili jibu la ubaoni, wakapata vema nyekundu. Fuko peke yake hakufuta. Alikata kosa kwa mstari mmoja, akaandika pembeni lilipoanzia, kisha akalirudia swali mpaka likatoka bila kuchungulia.

"Daftari gani hili, kama limekanyagwa na nguruwe!" Korongo alifoka. "Futa yote, au kesho usinikanyagie darasani!"

"Sifuti, Mwalimu. Nikifuta, nitajuaje nilipopotea?"

Darasa zima likacheka.

Kesho yake Fuko akaja na daftari lilelile. Korongo alikuwa akimwonyesha mlango, mara akaingia Tembo, mkaguzi wa shule.

"Endelea na somo," alisema Tembo.

Kwa kiherehere, Korongo akaandika ubaoni 12 − (5 − 2), akafungua mabano, akapata 5. Wanafunzi wakanakili haraka, kwa mwandiko mzuri.

"Si tano, ni tisa," alisema Fuko kutoka mlangoni. "Umefungua mabano bila kugeuza alama ya ndani. Mimi nilipotea hapohapo mara tatu. Ukurasa wa saba huu hapa."

Tembo akausoma ukurasa, akautazama ubao, akamgeukia mwalimu. Korongo akalirukia dasta.

"Usifute, Mwalimu," alisema Fuko, huku akienda kukaa mahali pake. "Kata mstari mmoja, halafu uandike pembeni."