Siku Aliyogombezwa Mbwa

Kaeni vizuri niwaambie. Mama Bata alimkuta Mbwa mtaroni, kakonda, kamba shingoni. Akamvua kamba, akamchukua nyumbani. Wiki nzima akampa kigoda akalie, akamtilia yeye uji wa kwanza, na fagio hakumwachia ashike.

Paka wa nyumba ile wivu ukamjaa. Akamnong'oneza, "Ndugu yangu, siku ukigombezwa, ujue umefukuzwa."

Basi Mbwa akaishi kwa kunyata. Hata kubweka aliogopa. Asubuhi moja mkia wake ukapiga sufuria, uji wote chini!

"We Mbwa we!" Mama Bata akafoka. "Macho umeyaweka wapi?"

Mbwa akaokota kamba yake, akaelekea mlangoni, machozi yanamtoka.

"Unakwenda wapi?"

"Si umenigombeza, mama? Naondoka."

Mama Bata akacheka. "Angemwaga mgeni, ningemwambia haidhuru, halafu ninune peke yangu. Wewe nakugombeza kwa kuwa u mwanangu. Tupa hiyo kamba, shika fagio!"

Mbwa akafagia kwa furaha, mkia hautulii. Ukaangusha na mtungi wa maji.

"We Mbwa we!"

Siku hiyo ndipo alipobweka kwa mara ya kwanza, na mpaka leo yupo palepale, anagombezwa.