Tope la Bingwa

Bingwa wa dunia wa mbio za magari, yule aliyetajwa na redio ya Sauti ya Kenya kila jioni, alikwama kwenye tope la kijijini kwetu Ganda, mbele ya gari langu kabisa, na njia ilikuwa ile ile moja.

"Tumsukume," alisema Musembi, aliyekuwa akinisomea ramani. "Asipotoka, nasi hatupiti."

Nikashuka. Mwaka mzima nimejiandaa kumshinda mtu huyu, leo nalitia bega gari lake. Watu wa kwetu wakaja mbio, mjomba wangu mbele yao. Magurudumu yalitutupia tope hadi mdomoni. Gari likachomoka, likaenda zake, na watu wakalikimbilia nyuma wakishangilia.

Niliporudi, langu lilikuwa limedidimia mpaka milangoni.

Kati yao aliyebaki ni mjomba tu, mikono ameiinua isiguse kikoi chake.

"Umeona, mwanangu? Nimemsukuma bingwa kwa mikono hii."

"Nimeona, mjomba. Njoo utusukume na sisi."

Akaitazama ile mikono, tope limeanza kukauka vidoleni.

"Ngoja kwanza nikamwonyeshe mama yako."