Refa Kinyonga

Alikuwepo Kinyonga mmoja aliyeanguka mtihani wa mbio mara tatu akitafuta leseni ya kuchezesha mpira wa shule. Hata mara ya nne alifika wa mwisho, lakini Korongo, mkufunzi wa marefa, akamvisha filimbi shingoni. "Mbio huna, mwanangu. Macho unayo."

Katika mechi yake ya kwanza, Nyani, aliyekuja kumshangilia bintiye Chiku, alimzomea tangu mwanzo. "Refa gani huyu, anatembea kama bibi harusi!" Kinyonga aliumia, ila akajikaza.

Dakika ya mwisho akina Chiku walipata mpira, wachezaji wakakimbilia golini. Mara filimbi ikalia. Nyani akaruka uwanjani. "Umetunyima bao! Macho yako yako wapi?"

"Moja liko golini, ndugu yangu," Kinyonga akamjibu taratibu. "La pili liko nyuma, kwa binti yako."

Nyani akageuka. Chiku alikuwa amelala katikati ya uwanja, ameshika kichwa, na hakuna mwingine aliyemwona.

Juma lililofuata, Fisi alipoanza kumzomea refa, Nyani alimvuta mkia. "Nyamaza wewe. Mwache atembee."