Mgeni Mwenye Viatu Safi

Mgeni alikuwa na viatu safi mno. Katika kijiji cha Glenarroch, ambako hata mchungaji wa kanisa hupiga chafya nyeusi kwa vumbi la makaa, hilo lilitosha kumpeleka mtu mtoni.

"Nauza cherehani, jamani!" alilia huku akiburutwa.

"Ziko wapi?" Hector Moffat alimkaba ukosi. "Umezimeza?"

Hector alikuwa nahodha wa timu ya soka ya kijiji, na usingizi ulikuwa umemkimbia. Klabu za Uingereza zilikuwa zikituma mawakala Uskochi kuwarubuni wachezaji kwa mishahara, na Glenarroch walikuwa na Lachlan Galbraith, mchimba makaa aliyefunga mabao matano kwa mechi kisha akaomba radhi. Mpira ukigoma, alimsukumia kipa ndani pamoja nao. Siku hizo ilikuwa halali. Jumamosi ilikuwa fainali, na bila Lachlan wangeaibika mchana kweupe.

Kwa hiyo Hector alimshuku kila mtu: mchungaji, mwenye baa, hata shemeji yake Dod, ambaye alimweka mwenyewe kulinda stesheni. Mama Lachlan tu ndiye ambaye hakumshuku. Mumewe alifukiwa mgodini, hata mwili haukupatikana, na suti yake ya Jumapili ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango. Mwana alikuwa huyo mmoja tu. Mama gani angekubali aende mbali?

Tena ni yeye aliyewashtua. Alikuwa akienda kufua, kikapu kiunoni, akamwona mgeni kando ya mto, akapiga mayowe yaliyowatoa watu majumbani na supu mdomoni.

"Lachlan yuko wapi?" Hector alimuuliza.

"Nimemfungia chumbani." Alimwonyesha ufunguo shingoni. "Atatokea wapi, baba? Nyie mshughulikieni huyu mwizi wa watoto wa watu."

Wakamtosa. Ilikuwa Machi, na kingoni barafu ilikuwa haijaisha. Mgeni akaibuka akihema, akakiri: ndiyo, ni wakala, wamwache aende zake. Wanaume wakacheka na kuanza kulegea.

"Mara moja tu?" Mama Lachlan alifoka. "Mnamwonea huruma mtu anayetaka kuninyang'anya mwanangu? Mtoseni tena!"

Wakamtosa tena. Kelele zikamleta hata Dod, mbio, asipitwe na uhondo.

"Na stesheni umemwachia nani?" Hector alimkaripia.

"Si huyu hapa mshamkamata? Nilinde nini tena?"

Ilikuwa kweli. Hector akajikuta anacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mwaka Mpya. Akamwamuru Dod ashike miguu.

Walipokuwa wakimtosa mara ya tatu, treni ya kwenda kusini, Uingereza, ilipiga honi na kupita taratibu kwenye daraja la reli, juu ya vichwa vyao. Kwenye dirisha la mwisho kijana mmoja alivua kofia akaipunga, machozi yakimtiririka.

Mama Lachlan alimpungia mpaka moshi ukapotea. Kisha akafunua kikapu, akatoa suti ya Jumapili ya marehemu mumewe, kavu, imekunjwa vizuri, akamnyooshea mgeni aliyekuwa akitetemeka.

"Pole, baba," alisema. "Nilikwambia maji ni baridi."