Ngiri Amdhamini Jongoo

Sikieni ya Ngiri, mpenda makofi mwenye mkono wa birika.

Moto wa msituni ulipowaacha vifaranga wa kanga yatima, wanyama waliandaa mbio ndefu za kuwachangia chakula. Kila mfadhili alimchagua mkimbiaji wake na kuahidi kiazi kimoja kwa kila mguu utakaovuka mstari. Nyani alimdhamini Mbuni, viazi viwili basi. Ngiri, ambaye ghala lake lilijaa hadi mlangoni, akapaza sauti: "Mimi namdhamini Jongoo! Tena natoa viazi viwili kwa kila mguu!"

Makofi yakarindima. Ngiri akacheka moyoni. Jongoo na mbio wapi na wapi?

Siku ya tatu, Ngiri akiwa bado anapongezwa kwa ukarimu wake, Jongoo akatokea kwenye mteremko, shibiri tatu tu kabla ya mstari. Ngiri akaitazama ile miguu, jasho likamtoka.

"Mbio si zimekwisha jamani?" akamuuliza Korongo, mwamuzi.

"Haziishi mpaka wa mwisho afike, au aseme mwenyewe ameshindwa."

Jongoo akasimama, akihema. Ngiri alijua kuwa jongoo akiguswa hujikunja, na aliyejikunja hatembei. Akamsogelea kama anayempa pole, akamgusa kwa pua.

Kweli, Jongoo akajikunja. Kisha akabingirika kama gurudumu, akateremka na kuvuka mstari na miguu yake yote.

Alipojikunjua akasema, "Ahsante sana, Mzee Ngiri. Nilikuwa nimesimama niwaambie nimeshindwa."