Sabufa ya Marehemu

Zuwena alikuwa bado yuko eda, hata barazani hafiki, na huko sebuleni shemeji yake Mfaume anafunga sabufa ya marehemu kama kwake vile.

"Shemeji!" Mfaume akaita nje ya pazia. "Hii ampli waya wake wa umeme uko wapi?"

"Aliyekuwa anaufunga ndiye huyo tumemzika."

"Ah, shem, usinizingue bwana. Nikiipata inadunda tu, nahamia. Nyumba haikai bila mwanaume."

Nyumba yenyewe Zuwena alichota maji ya kufyatulia matofali yake yote. Lakini atoke akagombane, mjane mzima na kaniki yake? Mji mzima ungemsema. Mfaume naye haruhusiwi kuingia chumbani humo mwa mjane, basi akaishia kusonya na kutoka zake.

Zuwena akashusha pumzi.

Mara mlango wa sebuleni ukafunguliwa. "Jirani kaniazima waya, shem!"

Mdundo wa kwanza ukapiga. Vikombe vikalia kabatini, mkeka ukatetemeka, na chini ya mkeka waya aliouficha ukaanza kumtetemekea pajani. Zuwena akaukalia vizuri zaidi.